Usiache ukoo wako ufe ndani ya kompyuta

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tuliikariri methali hii shuleni tukapata alama zetu, kisha tukaja mjini tukaisahau. Zamani asili ya mtu ilikaa vichwani mwa wazee, na aliyetaka kuijua alikwenda nyumbani, akaketi chini ya mwembe na kusikiliza. Siku hizi sehemu ya asili hiyo imefungiwa katika mafaili ya kompyuta, na mara nyingi aliyekuwa na ufunguo amekwisha kuzikwa.

Leo nitasimulia yaliyotukuta sisi wenyewe, kisha nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kufungua mafaili ya aina hiyo kwa programu isiyolipiwa hata senti moja. Huenda nawe una sanduku kama letu juu ya kabati.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Homa Bay, na mama yangu ni binti wa Uriri, upande wa Migori. Baba yangu mdogo alikuwa karani hapa Nairobi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, rafiki yake aliyekuwa masomoni Marekani alimletea programu ya kuandika vizazi iitwayo The Master Genealogist. Tangu hapo, kila Disemba aliposhuka nyumbani, wenzake walibeba sukari na mkate naye alibeba sukari, mkate na daftari. Aliketi na nyanya mchana kutwa, nyanya akitaja na yeye akiandika. Aliporudi mjini aliyaingiza yote katika kompyuta yake, ile ya kifua kikubwa na sauti kama ya posho mill.

Sisi vijana tulimcheka. Tulidhani ni mchezo wa mtu mwenye mshahara na asiye na la kufanya.

Nyanya aliaga dunia mwaka 2003. Mwaka 2014 watengenezaji wa programu hiyo walitangaza kwamba wanaacha kuiendeleza. Mwaka 2016 baba mdogo naye akatutoka. Kompyuta yake ilikuwa imekwisha kufa kabla yake, ila alituachia diski moja ndogo ya plastiki iliyoandikwa kwa kalamu ya wino: "Ukoo. Msipoteze." Hatukuipoteza, lakini hatukuifungua pia. Ilikaa.

SHAURI LA SHAMBA

Shida ilipokuja, ilikuja kwa njia ya shamba. Babu alikuwa na ndugu mkubwa aliyefariki akiwa kijana, akamwacha mjane bila mtoto. Kwa desturi ya Waluo, babu aliingia katika nyumba ile kama jater, yaani mrithi wa mjane, na akazaliwa mtoto wa kiume. Kwa desturi hiyo hiyo mtoto yule si wa babu. Ni mtoto wa marehemu, na ndiye anayesimamisha jina na boma lake. Miaka ikapita, mashamba yakapimwa, na ardhi yote ikaandikishwa kwa jina la babu.

Sasa wajukuu tumekuwa wengi, na ikabidi mirathi ya babu ipelekwe mahakamani. Chifu alitaka orodha ya nyumba zote na watoto wa kila nyumba, kwa maana barua yake ndiyo inayoandamana na maombi hayo. Hapo ndipo maneno yalipozuka. Baadhi yetu walisema wana wa nyumba ile ya mjane wahesabiwe kama watoto wa babu tu, wapate kipande sawa na wengine. Wengine, Mungu atusamehe, walisema nyumba ile haipo kabisa. Na wenye nyumba wenyewe walidai kwamba sehemu yote ya kando ya mto ilikuwa ya babu yao tangu mwanzo.

Ndugu yangu wa nyumba ile, ambaye tulichunga ng'ombe pamoja, alinipigia simu usiku. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Omera, wewe unaandika magazetini. Hebu niambie, mimi ni mtoto wa nani?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikumbuka ile diski.

MAFAILI YASIYOFUNGUKA

Nilipokwenda nyumbani niliipeleka katika kibanda kimoja cha kompyuta. Kijana aliitazama, akabofya mara mbili, akasema mafaili yameharibika na yafutwe ili nipate nafasi. Namshukuru Mungu kwamba sikumsikiliza. Mafaili hayakuwa yameharibika hata kidogo. Kilichokosekana ni programu ya kuyasoma.

Mpenzi msomaji, tofauti hii ni kubwa na nataka uishike. Programu na habari ni vitu viwili, kama sufuria na ugali. Sufuria ikitoboka ugali bado ni chakula. Tafuta chombo kingine uupakue. Programu ile ya baba mdogo ilihifadhi habari zake katika majedwali ya aina iitwayo Visual FoxPro, ambayo ni jamaa ya aina ya zamani iitwayo dBASE. Majedwali hayo hutambulika kwa herufi tatu mwishoni mwa jina la faili: dbf. Kando yake huwapo mafaili mengine yanayoishia kwa fpt, ambayo hubeba maelezo marefu, na yanayoishia kwa cdx, ambayo ni faharasa ya kuharakisha utafutaji.

Binti yangu anayesoma chuo kikuu ndiye aliyenionyesha kwamba majedwali ya aina hiyo hufunguliwa na LibreOffice Base. Hii ni programu ya hifadhidata, yaani ya kutunza habari zilizopangwa kwa majedwali, na huja pamoja na programu za kuandikia barua na kupigia mahesabu katika furushi la LibreOffice. Furushi hili lilizaliwa mwaka 2010 kutokana na lile la OpenOffice, na hutolewa bure kwa yeyote. Wala si jambo geni kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo usiambiwe kwamba hizi ni kazi za Wazungu peke yao.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, nakili. Kabla ya kugusa lolote, nakili folda nzima ya mafaili mahali pawili: katika kompyuta na katika diski nyingine. Kisha fanya kazi kwenye nakala tu, na ile ya asili iweke mbali. Base inaweza kuandika ndani ya jedwali na si kulisoma tu. Ukifuta jina kwa bahati mbaya, limefutika.

Pili, nakili yote. Hapa ndipo mimi nilipojikwaa, na nitakueleza baadaye.

Tatu, fungua LibreOffice na uombe hifadhidata mpya. Itakuuliza maswali machache. Usichague kuunda mpya kabisa. Chagua lile jibu la kuunganisha na hifadhidata iliyopo tayari, na katika orodha inayofuata chagua dBASE. Kisha itakuuliza folda iliko. Ielekeze kwenye folda yenye nakala zako, umalize, na uhifadhi kwa jina upendalo. Kila faili la dbf lililomo litajitokeza kama jedwali moja.

Nne, tulia utazame. Usitarajie kuona mti wa ukoo wenye matawi na picha. Utaona majedwali mengi: la watu, la majina, la matukio, la mahali, la uhusiano wa mzazi na mtoto, na mengineyo. Kila mtu amepewa namba. Jedwali la majina linasema namba hii anaitwa nani. Jedwali la uhusiano linaweka namba ya mtoto kando ya namba ya mzazi. Kwa hiyo kumtafuta baba wa mtu ni kufuata namba kutoka jedwali moja hadi jingine, kama karani wa zamani anavyofuata namba ya jalada kutoka kabati moja hadi jingine.

Tano, jihadhari na tarehe. Katika programu ile tarehe huandikwa kwa msururu mrefu wa tarakimu. Ukiona unaanza na 119310000, usidhani ni namba ya simu. Ile 1 ya mwanzo ni alama ya programu, 1931 ni mwaka, na sufuri nne zinazofuata zinasema kwamba mwezi na siku havikujulikana. Nyanya hakujua kalenda. Alisema fulani alizaliwa mwaka wa bonyo, yaani nzige, na baba mdogo akatafuta nzige walikuja lini. Aliyezaliwa wakati wa mafuriko makubwa, Ziwa Victoria lilipopanda miaka ya mwanzo ya 1960, aliwekewa 1962.

Sita, ukitaka kuunganisha majedwali. Ukiwa umeunganisha Base na folda ya dBASE moja kwa moja, unaweza kuliuliza jedwali moja kwa wakati mmoja tu. Ukitaka swali linalogusa majedwali mawili, kwa mfano majina pamoja na wazazi, haitakubali. Dawa yake ni kuunda hifadhidata nyingine mpya ya Base yenyewe, kufungua madirisha yote mawili, na kunakili majedwali kutoka la kwanza hadi la pili. Huko yatakubali kuunganishwa kwa namba. Pia hapo utakuwa umeyatoa katika aina ya zamani na kuyaweka katika aina inayoishi.

MAMBO YA MAJINA YETU

Sasa kuna jambo ambalo kitabu cha maelekezo hakitakwambia, kwa sababu mwandishi wake hakuzaliwa Ndhiwa wala Nyatike.

Tulipomtafuta Ochieng' mmoja, kompyuta ilitupa kosa. Tukajaribu tena, kosa. Binti yangu akacheka. Ile alama ndogo iliyo mwishoni mwa Ochieng' ndiyo inayotumiwa na kompyuta kufungia maneno katika swali, kwa hiyo ikiiona hudhani umemaliza kusema. Dawa ni kuiandika mara mbili mfululizo, au kutafuta majina yote yanayoanza na Ochieng bila kujali mwisho wake. Na hiyo njia ya pili ni bora, kwa sababu baba mdogo mwenyewe mara aliandika Ochieng' na mara Ochieng, na kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Tena jina peke yake halitoshi. Kwa Waluo jina la kwanza mara nyingi ni saa au hali ya kuzaliwa: Omondi wa alfajiri, Ochieng' wa jua la mchana, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Okoth wa mvua, Opiyo na Odongo mapacha, Okello aliyewafuata. Ukiuliza Otieno katika ukoo mmoja utapata kumi na wanane. Ndiyo maana wazee wakitaja mtu hutaja na baba yake, na mwanamke hutajwa kwa kwao: nyar Kanyamwa, nyar Karachuonyo, nyar Suna. Maneno hayo ndiyo kitambulisho halisi, na ukiunda jedwali lako usiyaache nje.

Kisha kuna nyumba. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba ya Mikayi, mke mkubwa, ya Nyachira, wa pili, na ya Reru, wa tatu. Programu nyingi za vizazi hazikatai wake wengi. Hata GEDCOM, ule mtindo wa maandishi uliotungwa mwaka 1984 na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho ili programu mbalimbali zibadilishane habari za koo, humwezesha mume mmoja kuwa katika familia kadhaa. Lakini hauna mahali pa kuandika kwamba huyu ni Mikayi na yule ni Reru, na bomani cheo hicho si pambo. Huamua nani ajenge wapi na nani atangulie kulima.

Wala haya si ya Waluo peke yao. Kwa majirani zetu Wakuria, kule Kehancha na ng'ambo ya mpaka hadi Tarime, mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumwoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isizimike. Watoto watakaozaliwa ni wa nyumba ile. Na kwa Wasuba wa Rusinga na Mfangano, ambao wengi wao sasa husema Dholuo, utakuta babu na mjukuu wana majina ya lugha mbili. Programu inauliza tu: baba nani, mama nani? Mtu akijaza kwa haraka, ukweli unabaki nje ya mlango.

Baba mdogo alilijua hilo. Kwa hiyo yale yasiyoingia katika visanduku aliyaandika katika maelezo.

KARATASI TUPU

Na hapo, mpenzi msomaji, ndipo roho yangu iliporuka. Tulipompata yule mtoto wa mjane kwenye jedwali, safu ya maelezo yake ilikuwa tupu. Tukatazama watu wengine: tupu. Wote tupu! Nikasema basi, nyanya ameondoka na maneno yake.

Binti yangu akaniuliza, "Baba, ulinakili mafaili mangapi?"

Nikamwambia nimenakili yote ya dbf. Yale mengine niliyaacha kwa sababu yalionekana kama takataka.

"Yale ya fpt je?"

Nikanyamaza. Kumbe maelezo marefu hayakai ndani ya jedwali. Jedwali hubeba tu kielekezo, na maneno yenyewe hukaa katika faili la fpt lenye jina lile lile. Ukiacha fpt nyuma, umebeba bahasha ukaacha barua. Tulirudi kwenye diski ya asili, ambayo kwa bahati hatukuifuta, tukanakili folda nzima, tukafungua tena.

Maelezo yakaja. Yameandikwa kwa Dholuo, kama nyanya alivyosema, na Kiswahili cha baba mdogo chini yake. Nayatoa kwa ufupi: mtoto huyu ni wa marehemu mkubwa, aliletwa na ter, sehemu ya kando ya mto ni ya baba yake, mume wangu aliandikiwa yote wakati wa kupima kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa hai, msije mkagombana nikiisha kufa.

Nilimpigia ndugu yangu simu usiku ule ule nikamsomea. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nimsomee tena.

MAANDISHI SI HUKUMU

Nisikudanganye kwamba faili la kompyuta lilimaliza kesi. Maelezo ya nyanya si hati ya shamba, na mtu yeyote anaweza kuandika lolote katika kompyuta. Lakini tulipoyachapa na kuyasoma mbele ya mkutano wa ukoo, wazee wawili waliokuwa hawataki kusema walisema. Mmoja alikumbuka hata mti uliokuwa mpaka. Kilichokuwa uvumi kikawa ushahidi wa watu walio hai, na orodha iliyokwenda kwa chifu ilikuwa na nyumba zote, hakuna iliyofichwa. Mengine tumeyaacha kwa mahakama.

Na sheria yenyewe inajali hesabu hiyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981, inasema katika kifungu cha 40 kwamba mtu aliyeoa wake zaidi ya mmoja akifa bila wasia, mali yake hugawanywa kwanza kati ya nyumba kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai huongezwa kama fungu moja. Umeona basi? Nyumba ikisahauliwa, au mtoto mmoja akiachwa nje ya orodha, hesabu yote hupinda. Hapo ndipo ukoo huingia mfukoni mwa mtu.

Wapo vijana watakaosema haya ni mambo ya wazee. Nawauliza: unapompenda msichana uliyekutana naye chuoni, nani atakuambia kwamba nyanya yake na nyanya yako ni ndugu? Kwa Waluo kuoana ndani ya ukoo ni mwiko, na wengi wamefika hadi siku ya kupeleka barua kabla ya kugundua. Afadhali uulize mapema kuliko kurudisha pete.

UKITAKA KUANZA LEO

Si lazima uwe na diski ya marehemu. Kama huna chochote, anza upya, na anza kwa njia itakayodumu kuliko programu yoyote.

Mhoji mzee wako mkubwa aliye hai kabla ya Disemba ijayo, maana kesho si ya mtu. Uliza nyumba kwa nyumba, wala usiulize kwa haraka. Kusanya vile vijikaratasi vya mazishi vyenye wasifu wa marehemu. Vimejaa majina ya watoto, wakwe na wajukuu, nasi huvitumia kufutia viti. Msomi wetu Bethwell Ogot, ambaye kitabu chake kuhusu historia ya Waluo wa kusini kilitoka mwaka 1967, aliijenga kazi ile juu ya masimulizi ya wazee. Na kabla yake Paul Mboya wa Karachuonyo aliziandika mila za Waluo kwa Dholuo mwaka 1938. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na masikio na subira.

Ukitaka programu, ipo Gramps, ya bure, iliyoanza mwaka 2001, nayo husoma na kuandika GEDCOM. Kama jamaa yako alitumia RootsMagic, faili lake ni hifadhidata ya aina ya SQLite, na programu ya bure iitwayo DB Browser for SQLite italifungua ulitazame ndani. Na kama kompyuta yenye ile programu ya zamani bado inawaka, usingoje izimike: toa nakala ya GEDCOM leo. Faili hilo ni maandishi matupu. Hata miaka 50 ijayo mtu ataweza kulisoma kwa programu ya kawaida ya kuandikia.

Kisha chapa. Ndiyo, chapa kwenye karatasi, nakala tatu: moja ibaki bomani, moja ije mjini, na moja apewe mtu wa nyumba nyingine, ili pasiwe na nyumba moja yenye ukweli wote. Na habari za walio hai usizitawanye ovyo. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda data, na hata isingekuwapo, adabu ilikuwapo.

Sisi kwetu nakala ya bomani imewekwa katika nyumba ile ya mjane. Hilo hatukuambiwa na mahakama wala chifu. Ndugu yangu ndiye aliyeomba, na wazee wakasema na iwe hivyo. Juu ya bahasha ameandika maneno yale yale ya baba mdogo, "Ukoo. Msipoteze," ila chini yake ameongeza mstari mmoja: "Na mfungue."

Basi, mpenzi msomaji, panda juu ya kabati leo. Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.